Kanta Isiyochemsha

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Bernado alikuwa amekaa juu ya tairi la trekta kwenye gereji yake ya Bweri, anakunywa chai ya rangi na chapati ya jana, Mzee Keraryo alipoingiza lori lake dogo, Kanta ya bluu. Kanta ilikuwa imebeba saruji kutoka Musoma mjini na ilikuwa inatoa moshi mweupe. Mzee Keraryo alishuka bila kuizima, maana ilikuwa tabia yake kuacha injini ikiunguruma huku yeye anaongea.

"Fundi, hii gari inakunywa dizeli kama ng'ombe aliyetoka machungani," alisema. "Nimeijaza juzi Butiama. Angalia geji leo."

Bernado hakuangalia geji ya mafuta. Aliangalia geji ya joto. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa, kwenye baridi, kama wa gari ambalo halijawashwa.

"Umetoka wapi sasa hivi?"

"Butiama, nikaja kupakia mjini. Nimeondoka nyumbani saa kumi na mbili."

Gari lililotembea saa mbili na mzigo haliwezi kuwa na mshale pale. Bernado aliweka chapati chini, akainua kabini ya Kanta, akaweka kiganja kwenye rejeta. Ilikuwa baridi. Akafungua mfuniko wa rejeta kwa mkono mtupu, jambo ambalo mtu hafanyi kwenye injini inayounguruma kama anaupenda uso wake. Ndani mlikuwa na maji ya ziwa, rangi ya chai ya maziwa, na kijani kidogo kinaelea. Akachomoa waya wa sensa, akaugusisha kwenye bodi. Mshale ukapanda mpaka juu. Basi geji ilikuwa nzima na ilikuwa inasema ukweli. Akashika mpira wa juu, akashika mpira wa chini. Yote miwili ilikuwa baridi kama tumbo la kenge.

"Zima," alisema.

Mzee Keraryo alizima. Bernado alifungua boliti mbili za nyumba ya thamostati, kile kidude kinachotunza joto la injini, akachungulia. Hamkuwa na kitu.

"Nani katoa thamostati?"

"Revocatus wa Bunda. Wiki ile ile nimenunua. Kasema hii nchi yenyewe ina joto, thamostati ni ya Wajapani, wao wanakaaga kwenye barafu."

Bernado hakubisha. Kila fundi kati ya Sirari na Mwanza husema hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa amezitoa nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake. Gari likianza kuchemsha, toa thamostati. Gari likiwa bado halijachemsha, toa pia, usingoje. Lakini injini isiyo na thamostati huwa na uvuguvugu. Haiwi baridi. Joto la dizeli iliyoungua halipotei. Kama halimo kwenye chuma, lipo mahali.

"Mzee, joto la hii gari linakwenda wapi?"

"Guta, kule ziwani," alisema Mzee Keraryo. "Kwa Ghati."

"Ghati ndiye nani?"

"Binti yangu wa kwanza. Si ndiye hii gari?" Akalipiga bodi kofi dogo, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake paja. "Mumewe Maige alileta mahari ya ng'ombe kumi na wanane. Nikawapeleka mnadani wote, hata ndama, nikachukua Kanta. Tangu siku ya kwanza nimewasha, yeye huko anaungua. Hilo nalijua, fundi. Mimi sijaja kwa habari ya Ghati. Nimekuja kwa habari ya dizeli."

Bernado alifuta mikono kwa kitambaa. Akamwambia awashe tena, akanyage mafuta kidogo, huku yeye akisikiliza mlio. Hazikupita dakika tano, simu ya Mzee Keraryo ikalia. Alikuwa Maige, mkwewe, na sauti yake ilitoka kwa nguvu kiasi kwamba Bernado aliisikia bila kutaka.

"Shikamoo mzee. Ghati anasema gari linaunguruma lakini halitembei. Mmekwama?"

"Tuko kwa fundi, Bweri."

"Mtachukua muda? Maana kaacha palizi katikati, kaingia majini."

"Muda kidogo."

"Haya. Msalimie fundi."

Bernado alisema hawezi kutengeneza kitu ambacho hajakipima. Saruji ilikuwa inakwenda Bunda, na kutoka Bunda mpaka Guta si mbali, basi akachukua kile kipimajoto chake cha kunyooshea kama bastola, akapanda Kanta. Njia nzima mshale ulilala. Walipopita Kiabakari, Mzee Keraryo alimweleza jinsi alivyompenda Ghati, kwamba ndiye mtoto aliyemrithi midomo, kwamba alikuwa akiwacheka hata walimu. Alisema hayo huku akibadilisha gia, na gari halikuonyesha dalili yoyote ya kuchoka.

Ghati alikuwa ziwani, pale wanawake wa Guta wanapofulia, maji yakimfika mabegani. Samaki wadogo wa furu walielea tumbo juu kumzunguka, na yangeyange wanne walisimama kwenye mawe wakisubiri wengine. Mama mkwe wake, Jenoveva, alikaa ufukweni chini ya mwamvuli uliokatika waya mmoja, amempakata mtoto wa miezi minane anayeitwa Gody. Maige alikuwa amechutama pembeni anaparua mpini wa jembe. Mzee Keraryo aliiacha Kanta inaunguruma barabarani.

"Shikamoo tata," Ghati alimwamkia baba yake.

"Marahaba mama. Nimekuletea fundi."

Ghati alimtazama Bernado kuanzia buti mpaka kofia. "Fundi, umeleta spana au umeleta pole? Kama ni pole, peleka nyumbani, ninazo gunia zima."

"Nimeleta kipimo," alisema Bernado. Akakinyoosha kwenye paji la uso wake. Kilisoma digrii tisini na moja.

"Ngapi?"

"Tisini na moja. Injini nzima inakaaga hapo hapo."

"Nashukuru," alisema Ghati. "Kuna mtu wa Guta alisema nina malaria."

Jenoveva alicheka mpaka mtoto akatikisika.

Bernado alichutama kwenye jiwe akamuuliza maswali, yale yale anayomuuliza dereva. Joto linaanza saa ngapi? Saa kumi na mbili, tata anapowasha. Linapanda taratibu au ghafla? Taratibu kwenye lami, ghafla kwenye mlima. Gari likiwa na mzigo? Hapo hata maji haya hayatoshi. Ghati aliijua safari ya Kanta kuliko kitabu cha dereva. Alijua baba yake ameweka gia namba mbili, alijua amesimama kwa trafiki, alijua siku aliyopakia mawe akasema amepakia maharage.

"Na mtoto?" aliuliza Bernado.

"Mtoto namwona," alisema Ghati. "Huyo hapo, si namwona? Kumshika ni Jumapili. Jumapili tata anakwenda misa, gari linalala, nami napoa. Siku sita Gody anakunywa uji, siku ya saba ananinyonya. Siku nyingine maziwa yanachemka humu humu kifuani, nayasikia."

Alisema hivyo akiwa anamtazama mtoto, na mtoto alikuwa anamtazama yangeyange.

"Sasa mwulize tata kuhusu hiyo Jumapili," aliongeza.

Mzee Keraryo alikohoa. Alieleza kwamba amepata kazi ya kubeba mchanga na kokoto kwa mkandarasi mmoja anayejenga kule Butiama, siku saba kwa wiki, na mkandarasi huyo hana habari na Jumapili.

"Jumapili ni yangu, tata."

"Jumapili ni ya Mungu, mwanangu. Na Mungu ndiye kanipa hii kazi."

"Basi mwambie akupe na rejeta ya kwake."

"Unaona?" Mzee Keraryo alimgeukia Bernado kwa fahari. "Midomo. Si nilikwambia?"

Bernado hakuwa mtu wa kuzunguka. Alisema dawa ya kweli ni moja: Kanta iuzwe, ng'ombe warudi kwa Maige, joto liende kwa mwenye gari mpya. Maige aliweka mpini chini, akajibu kwa upole kwamba yeye hana neno. Ng'ombe wakirudi atawapokea. Ghati atarudi kwao Butiama, na Gody atabaki Guta, kwa sababu mtoto hufuata ng'ombe waliotolewa. Mzee Keraryo alisema hivyo ndivyo ilivyo. Jenoveva alisema hivyo ndivyo ilivyo. Hata Ghati alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na furu mwingine akageuka tumbo juu karibu na shingo yake.

"Kwanza mzee azime gari," alisema Bernado. "Nataka kuona anapoa kwa muda gani."

Mzee Keraryo alikwenda akazima, akarudi, Jenoveva akampa bakuli la uji. Bernado alipima kila baada ya muda. Themanini. Sitini na tano. Hamsini. Ghati alitoka majini, akakaa juu ya jiwe lenye maji, akajimwagia maji kwa kopo kama mtu aliye kazini. Arobaini na nne. Arobaini na moja. Akafungua vifungo viwili vya blauzi.

"Mlete, mama," alisema.

Jenoveva alisimama, akamweka mtoto begani, akaanza kuja. Mzee Keraryo alikuwa amemaliza uji. Alifuta mdomo, akaangalia saa yake, akasema watu wa saruji wanamngoja Bunda na si watu wazuri. Akapanda barabarani. Jenoveva alikuwa bado hatua mbili Kanta ilipowaka. Alisimama pale pale. Ghati alikuwa amenyoosha mikono, akaishusha, akafunga vifungo, akarudi ziwani.

Bernado alivua buti akaingia majini mpaka magotini, ambapo palianza kuwa pa moto.

"Kuna kitu kimoja," alimwambia. "Thamostati. Ni kama mlango. Joto linafungiwa ndani ya injini mpaka litoshe, ndipo mlango unafunguka. Injini yenu haina mlango. Nikiuweka, litakuja huku kidogo sana."

"Fundi, mimi sina tamaa. Siku sita chukueni. Nipe Jumapili."

"Nitakupa."

Ahadi ya fundi kila mtu anaijua ilivyo, lakini Ghati alisema asante.

Jumatano Bernado alitafuta thamostati mpya mjini. Aliitia kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, akayanyooshea kipimo, akasubiri. Ilipofika themanini na mbili ikafumbuka yenyewe, kama inavyotakiwa. Mzee Keraryo alipoileta Kanta kwa ajili ya dizeli yake, akaifunga kwa gasketi mpya na boliti mbili. Aliwasha Kanta, akakaa kwenye kiti cha dereva akitazama mshale. Ulisita, ukanyanyuka, ukapanda taratibu mpaka katikati, ukatulia hapo. Moshi mweupe ukaisha. Bernado aliweka kiganja kwenye rejeta, akakiondoa haraka, akapuliza vidole. Alikuwa ameridhika.

Kule Guta, Ghati alitoka ziwani saa nne asubuhi kwa miguu yake, akaenda nyumbani, akalala kitandani na mtoto kifuani mpaka jioni. Maige alituma ujumbe: *Fundi amepoa barikiwa*. Kwa siku kumi na moja Ghati alipalilia, alipika, alibeba mtoto mgongoni. Alikuwa na uvuguvugu kidogo Kanta ilipokuwa na mzigo, na Jenoveva alisema uvuguvugu huo ni mzuri kwa mtoto mwenye mafua. Dizeli ilipungua. Mzee Keraryo alimsifia Bernado kila alipopita, akamletea kuku.

Siku ya kumi na mbili Kanta ilichemsha.

Ilikuwa kwenye mlima wa kuingia Butiama, ikiwa na mchanga uliozidi bodi kwa mbao mbili alizoongeza mzee mwenyewe. Mshale ulipita katikati, ukapita robo tatu, ukagonga juu. Mvuke ulipasua mpira wa juu. Mzee Keraryo alilazimika kumwaga mchanga kando ya barabara mbele ya watu wanaomfahamu, na mkandarasi akampigia simu na kumwita jina ambalo hajawahi kuitwa tangu atahiriwe. Gari lilivutwa mpaka Bweri kwa kamba.

Bernado alifungua rejeta. Matope ya ziwa yalikuwa yameganda kwenye mirija kama ugali kwenye mwiko. Yalikuwa humo tangu siku ya kwanza, ila injini ilipokuwa haina joto hayakuwa na shida na mtu.

"Hii lazima ishushwe, izibuliwe, ioshwe," alisema. "Halafu tuweke kulanti, siyo maji ya ziwa. Na zile mbao mbili zitoke. Siku mbili."

"Siku mbili sina."

"Injini itakufa, mzee. Silinda hedi itapinda."

"Haitapinda. Toa thamostati."

Bernado alibaki ameshika mfuniko wa rejeta. "Mzee, unajua ikitoka linakwenda wapi."

"Najua. Lilikuwa linakwenda huko na gari halijawahi kunilaza njiani hata siku moja." Mzee Keraryo hakuwa na hasira. Alikuwa anaongea kama anayemweleza mtoto. "Bernado mdogo wangu, wewe umetoa thamostati ngapi hapa Musoma?"

"Nyingi."

"Za mabasi, za Noah, za malori ya pamba. Uliwahi kuuliza hata mmoja joto la gari lake limekwenda kwa nani?"

Bernado aligeukia barabara. Nje ya turubai la gereji magari yalipita kwenda Kamunyonge na kurudi, na aliyatambua mengi kwa mlio, kwa sababu aliyafungua kwa mikono yake. Alijaribu kuhesabu na akaacha.

"Mimi angalau najua ni kwa nani," alisema Mzee Keraryo. "Na ni damu yangu. Toa, au nikamwite Revocatus."

Bernado alichukua spana namba kumi na mbili, akafungua boliti mbili. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, na aliifanya vizuri. Alisafisha hata mabaki ya gasketi. Akabadilisha mpira uliopasuka, akajaza maji, akawasha. Mshale ulilala chini. Moshi mweupe ukarudi. Simu ya Mzee Keraryo ikalia, akaitoa mfukoni, akasoma jina, akairudisha mfukoni ikiwa inalia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, Bernado alinunua sukari kilo mbili na mche wa sabuni, akapanda basi mpaka Bunda, kisha bodaboda mpaka Guta. Hakujua atasema nini. Alidhani kwamba mtu akishafika na sukari, maneno hujileta.

Ghati hakuwa ziwani. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameandika barua yenye muhuri akimtaka abaki nyumbani, kwa sababu furu walikuwa wanakufa na wavuvi wamelalamika. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda cha chuma, mgongo wazi, kitenge amekifunga kiunoni. Ardhi iliyomzunguka ilikuwa imekauka mpaka imepasuka, na kuku walipita mbali.

"Karibu fundi," alisema. "Leo umeleta nini?"

"Sukari."

"Mpe mama. Kwangu itakuwa shira."

Jenoveva aliipokea, akashukuru, akasema sabuni hiyo ni nzuri, haiishi haraka. Maige alimletea Bernado kiti, akakiweka kivulini. Hakuna aliyemuuliza kuhusu thamostati. Bernado alifungua mdomo aeleze juu ya matope ya rejeta, na mkandarasi, na siku mbili.

"Nilijua siku ile ile," alisema Ghati. "Saa tisa kasoro. Nilikuwa nimempakata Gody. Usijali, hakuungua sana, ni hapa tu kwenye paja, kimeshapona."

Gody alikuwa anatambaa kwenye mkeka upande wa pili wa ua, ana kovu jekundu la ukubwa wa kiganja. Aliona sufuria mkononi mwa bibi yake, akaanza kulia.

"Ana njaa," alisema Jenoveva. Akamimina maziwa ya ng'ombe kutoka kwenye kibuyu, akavuka ua. "Inama kidogo, mama."

Ghati aliinama, viwiko juu ya magoti. Jenoveva aliweka sufuria katikati ya mgongo wake, akaizungusha mpaka ikakaa sawa.

"Uyaangalie," alisema Ghati akiwa anatazama chini. "Tata ameweka namba mbili, anapanda. Yatafurika sasa hivi."

"Nayaangalia."

Maziwa yalifanya utando, utando ukavimba. Jenoveva aliipua sufuria kwa pindo la kanga kabla hayajamwagika, akayamimina kikombeni, akayapoza kwa kumwaga huku na huku, akadondosha tone moja kwenye kifundo cha mkono wake. Kisha akampakata mtoto, akamnywesha. Gody alinyamaza. Alikunywa kwa pupa, macho yote kwenye kikombe.

Bernado alikaa kwenye kiti chake kivulini.

"Amemaliza?" aliuliza Ghati. Pale alipoinama hakuweza kuona.

"Amemaliza. Anataka tena."

"Basi mwongeze," alisema Ghati, akajiweka sawa, ili sufuria ikirudi mgongoni isitikisike.